Majembe Yamelala

Bulugu alikufa asubuhi ya mvua ya kwanza, na kila aliyepata habari alitazama juu kabla ya kusema pole. Siwalaumu. Vuli ya huku kwetu Nyabusozi haimsubiri mtu. Ikishalowanisha udongo una siku chache za kuweka maharage ardhini, na ukizikosa utavuna majani.

Mimi ndiye mzee wa msiba katika kitongoji chetu. Kazi hiyo haina mshahara wala mhuri. Mtu akifa, wa nyumba yake huja kwangu kwanza, kabla hata ya kwenda kwa mwenyekiti, nami hutoka hadi njia panda na kusema kwa sauti, "Majembe yamelala." Maneno hayo hukimbia nyumba kwa nyumba upesi kuliko simu. Tangu hapo hakuna anayelima, anayepanda wala anayepalilia mpaka marehemu afukiwe. Kila mtu hulaza jembe lake uani, mpini ukielekea nyumba ya msiba, kisha huja kukaa na wafiwa. Asiyelaza jembe, siku yake ikifika, huachwa azikwe na wanawe peke yao. Nimeona adhabu hiyo ikitolewa mara moja tu maishani, na waliobeba jeneza lile walikuwa wawili.

Bulugu hakuwa wa kwetu kwa kuzaliwa. Alikuja kutoka Shinyanga na mkewe Kwandu na ng'ombe wao, miaka ile Wasukuma walipokuwa wakihamia huku kutafuta malisho. Wengi wetu hatukuwapenda. Wao walisema tunalima vishamba vya sungura, sisi tukasema wao hulala na ng'ombe na kuwaacha wake zao nje. Lakini Bulugu alipoelezwa desturi yetu ya kulaza majembe hakucheka. Aliuliza maswali mengi, kama mtu anayenunua kitu na kutaka kujua kitadumu kiasi gani.

Kisha Yuster akafiwa. Yuster ni binti wa Kirushya, kule Ngara, aliyeolewa hapa na kuachwa mjane mapema. Kitoto chake cha mwisho kilikufa kabla hakijapewa jina. Kwa kitoto cha namna hiyo desturi hailazimishi, na watu walipita kutoa pole wakiwa na majembe begani. Bulugu alikuja, akalaza jembe lake mlangoni pa Yuster, akaketi chini, akakaa kutwa bila kusema neno. Waliopita na majembe wakarudi nyuma mmoja mmoja. Kufikia mchana ua ule ulikuwa umejaa watu kana kwamba amekufa mwenyekiti.

Hivyo ndivyo alivyokuwa katika kila jambo. Kila asubuhi, kabla hajafungua zizi, alivua kofia, akaweka kiganja juu ya paji la fahali aliyesimama karibu na mlango, akataja jina la baba yake na la babu yake. Ukipita wakati huo ukamsalimia, alikuwa kama hakukusikia. Akimaliza anakugeukia na kucheka: "Sasa nimefika. Habari yako?"

Mimi ni Mkatoliki, mzee wa kigango, na nilimwambia mara nyingi kwamba kusali kwa ng'ombe ni ushirikina. Alinijibu kwamba hawaombi ng'ombe, anawashukuru waliomwachia ng'ombe. Ijumaa Kuu moja alikuja kanisani kuona sisi tunavyofanya. Katikati ya kuabudu msalaba simu ya mtu ikalia muziki wa dansi, na mwenye simu akatoka nje akiongea na mnunuzi wa mpunga. Tulipotoka, Bulugu alinishika bega.

"Emilian, ng'ombe wangu wana adabu kuliko Wakatoliki wako. Hakuna anayetoka kabla sijamaliza."

Neno taadhima nililipata ukubwani, katika darasa la jioni, mwalimu alipoliandika ubaoni na kutwambia tulitungie sentensi. Nilitunga sentensi nzuri juu ya bendera ya taifa nikapewa vema. Maana yenyewe niliiona baadaye, zizini kwa jirani yangu.

Alipougua alituma niitwe. Alitaka azikwe zizini, kando ya mlango, kama alivyozikwa baba yake. Alitaka azikwe upesi, na watu waliolaza majembe.

"Usiniache nikae juu ya ardhi," alisema. "Maiti akikaa juu ya ardhi anageuka kuwa shughuli ya watu."

Nilimshika mkono nikamwahidi. Naandika haya ili ijulikane kwamba niliahidi.

Basi asubuhi ile ya mvua nilikwenda njia panda nikasema maneno. Nilirudi kwa Bulugu kuonyesha mahali pa kuchimba, na kabla vijana hawajafika na sururu, gari likaja. Lilikuwa limetumwa na mwanawe, Ngassa, mfanyabiashara wa Mwanza, ambaye mwaka ule alikuwa amekwisha anza kuzungumzwa kama mtu atakayegombea. Watu wa gari walikuwa na adabu. Walimfunga marehemu katika shuka jeupe, wakamwambia Kwandu pole mama, wakampeleka mochwari mjini. Ngassa alimweleza mama yake kwa simu kwamba ni kwa muda tu, mpaka ndugu wakusanyike.

Nikafikiri ni siku moja, ama mbili. Tukakaa.

Siku za kwanza tulimzungumza Bulugu. Kila mmoja alikuwa na kisa chake, na Kwandu alisikiliza na mara nyingine alisahihisha. Halafu visa vikaisha. Wanaume wakaleta karata. Mvua ilinyesha kila alasiri, mvua nzuri ya taratibu inayoingia ardhini, nasi tuliitazama kutoka chini ya bati la jirani kama watu wanaotazama harusi wasiyoalikwa. Ikawa mazungumzo yote ni ya udongo. Mmoja anasema umeshalainika, mwingine anasema bado kidogo, wa tatu anasema watu wa kijiji cha Nyarubungo wameshamaliza kupanda, amewaona kwa macho yake.

Mke wangu Deodata hakuvumilia. Alinipakulia ugali jioni moja na kuketi mbele yangu, jambo asilolifanya isipokuwa ana kesi.

"Baba Happy, umelaza majembe kwa mtu asiyekuwepo," alisema. "Wazee wenu waliweka mila hii kwa sababu maiti hangoji. Hawakujua jokofu."

Nilimwambia mila si nguo ya kupunguza na kuongeza. Akasema hata kanzu ya padri hukatwa ikiburuza matopeni.

Kesho yake nilimpigia Ngassa. Alinisalimia shikamoo kwa sauti ya upole, akaniuliza hali ya miguu yangu. Nikamweleza kuhusu mvua, kuhusu majembe, kuhusu ahadi yangu kwa baba yake. Alisikiliza mpaka mwisho; hilo namhesabia. Kisha akanieleza naye. Kulikuwa na mgeni mkubwa ambaye nafasi yake ilikuwa ikisubiriwa. Kulikuwa na sare za ukoo zinazoshonwa. Nyumba ya mzee ilikuwa haifai kuonwa na watu, ilibidi ipigwe lipu na rangi.

"Baba, mzee aliishi maisha ya chini," alisema. "Niacheni angalau azikwe juu."

"Aliniomba azikwe zizini."

Ngassa alicheka kidogo, si kwa dharau. "Zizini, baba? Na mgeni rasmi asimame kwenye mavi ya ng'ombe? Tutachekwa."

Mafundi walikuja kwa pikipiki na ndoo za rangi. Walipiga lipu, wakapaka ukuta rangi ya krimu, wakachimba kaburi mbele ya nyumba na kulijengea marumaru pembeni. Siku iliyofuata wakaja wengine na mapanga, wakang'oa zizi. Ng'ombe walipelekwa kwa shemeji wa marehemu. Nguzo alizozichimbia Bulugu kwa mikono yake ziliwekwa fungu moja kuwa kuni za kupikia wageni. Mahali pale palisawazishwa ili maturubai yapate nafasi.

Nilimkuta Kwandu amekaa nje kwa sababu harufu ya rangi ilimtoa machozi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu.

"Emilian, mwambie mtoto baba yake anasikia baridi."

Siku hiyo hiyo Yuster alikuja kwangu. Aliingia uani na jembe begani, na kwa wakati kama ule jambo hilo pekee lilitosha kufanya Deodata atoke jikoni. Yuster alipiga goti, akasema shikamoo baba, nikamwitikia marahaba mwanangu. Kisha akaliweka jembe miguuni pangu.

"Baba, nimekuja kukuachia hili. Ukinirudishia kesho, nitalima. Usiponirudishia, nitalima kwa mikono."

Nilimkumbusha adhabu. Alisema anaijua. Shamba si lake, amepewa kulitumia msimu huu tu, na ana watoto wawili waliobaki. Sauti yake haikupanda.

"Mzee Bulugu alikaa kwangu kutwa kwa ajili ya kitoto kisicho na jina," alisema. "Kwake ningekaa mwezi mzima na njaa yangu. Lakini pale kwake tunamkalia nani, baba? Pale kuna mafundi rangi."

Aliondoka mikono mitupu. Nililiangalia jembe lile. Ubapa wake ulikuwa umelika mpaka umekuwa kama kijiko.

Sasa niseme jambo kuhusu mimi. Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kuwanyamazisha wengine. Kaburini nimewarudisha nyumbani wanawake waliokuwa wakitafuna miwa. Kanisani nimesimama mlangoni na kuwazuia wanaokuja na kofia, wanaokuja na watoto wenye pipi, wanaokuja wakati wa mahubiri. Watu wananiita Baba Kimya nyuma ya mgongo, nami najua, na sijaona ubaya wake. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba nililegea. Mimi kuinua majembe kabla ya maziko lilikuwa jambo lisilofikirika. Lakini kuyaacha yalale kulikuwa kumegeuka kuwa namna ya kumsaidia Ngassa kupaka rangi.

Ndipo nikamkumbuka baba yangu mdogo. Alikwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge, na hakurudi, na baada ya miaka ikaja habari tu kwamba amekufa. Mwili haukuwepo. Wazee walikata gogo la mgomba lenye kimo chake, wakalivika shati lake, wakalizika nyuma ya nyumba ili ua upate kuamka. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka bibi yangu alilia juu ya gogo lile kama juu ya mtu, na hakuna aliyetabasamu. Ilikuwa njia ya mwisho, ya watu walionyang'anywa maiti wao.

Nikasema moyoni, na sisi tumenyang'anywa.

Nilikwenda kwa Kwandu nikamweleza. Alifikiri, akaangalia mkono wake, akaangalia mahali lilipokuwa zizi.

"Alikuwa mrefu," alisema. "Kata mgomba mrefu."

Tulimzika asubuhi. Niliwapitia watu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na walikuja wote, sisi Wasubi wa hapa na Wasukuma waliohamia, wa msalaba na wa mizimu, na familia ya Kiislamu inayokaa karibu na kisima. Mlango wa zizi haukuwepo tena lakini udongo ulionyesha ulipokuwa: mweusi, uliokanyagwa, wenye harufu ya ng'ombe. Tukachimba hapo. Gogo lilibebwa na wanaume kama inavyobebwa maiti, kichwa mbele. Kwandu alilivisha koti la Bulugu, akaweka kofia yake juu, akatandika ngozi aliyokuwa akilalia. Hakuna aliyeambiwa anyamaze. Mafundi rangi waliokuwa juu ya ngazi waliweka brashi, wakashuka, wakavua kofia zao za plastiki na kusimama na sisi, watu wasiomjua Bulugu hata kwa sura.

Sikujua niseme sala gani juu ya mgomba. Nilivua kofia tu. Kwandu ndiye aliyeinama, akaweka kiganja juu ya udongo, akataja jina la baba wa Bulugu na la babu yake, kisha akaongeza jina la Bulugu. Hapo ndipo alipolia, na wote tukalia, hata mimi.

Tulipofukia nilikwenda njia panda nikasema, "Majembe yameamka." Nilimpelekea Yuster jembe lake mwenyewe. Kufikia mchana huo bonde zima lilikuwa na migongo iliyoinama.

Jumamosi msafara ukaja. Yalikuja magari yenye taa zinazowaka mchana, likaja basi la kukodi lenye watu wa sare, na kitenge cha sare hizo kilikuwa na picha ya Bulugu kifuani na mgongoni, Bulugu akiwa amevaa tai ambayo hakuwahi kuvaa. Yakaja maturubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa, wapishi, mpiga video, na mshereheshaji aitwaye Danstan, kijana mwenye suti ya kumeta na kipaza sauti kisichomtoka mdomoni. Walisimamisha hema pale pale palipokuwa zizi. Kituta chetu kilikuwa kidogo na hakikuwa na alama. Wakaona kimeinuka vizuri, wakaweka spika juu yake.

Watu wa kitongoji hawakuja. Wala haukuwa mgomo, kama alivyosema Ngassa baadaye. Hakuna aliyewakataza. Walikuwa wamekwisha kulia, na mvua ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikwenda mimi na Deodata kwa sababu jirani ni jirani, tukakaa viti vya nyuma.

Danstan alituambia tumpigie makofi mzee wetu. Watu wa basi wakapiga. Aliwaita wajukuu waje mbele wacheze kidogo kwa furaha ya kuishi kwake, wakaja, hawakujua wacheze nini, akawachezea yeye. Kila mgeni mkubwa alipoingia, maombolezo yalisimama ili atajwe. Jeneza lilikuwa na madirisha. Nilimtazama rafiki yangu ndani ya kioo, amepakwa poda, na sikumpata.

Wakati wa kuweka udongo Kwandu alichukua konzi yake akaidondosha. Mpiga video alikuwa amegeukia upande wa mgeni rasmi. Danstan akainama na kipaza sauti chake.

"Mama yetu, tunaomba urudie kidogo. Picha haikushika."

Kwandu hakuelewa. Mtu akamshika mkono, akamjazia udongo kiganjani, akamwelekeza. Akadondosha tena. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao, na niliwasikia wanawake wa sare wakinong'ona kwamba mjane huyu hana machozi.

Mgeni rasmi alipopewa kipaza sauti alianza kwa kuwasalimu wenyeji. Alinyamaza kusubiri waitikie. Tuliitikia mimi na Deodata. Wageni waligeuka kututazama. Katika kimya hicho cha pekee cha siku ile nzima tulisikia majembe bondeni.

Chakula kilipoanza Ngassa alinivuta kando, nyuma ya hema. Viatu vyake vilikuwa vizuri na vimejaa tope.

"Watu wako wapi, baba?"

"Wanalima."

"Wanalima, na mzee hajazikwa?"

Nikamweleza kwamba tumeshamzika, na jinsi tulivyomzika. Alinisikiliza.

"Mmezika mgomba," alisema. "Baba, mmenivua nguo mbele za watu kwa ajili ya mgomba."

"Wewe ulimvua baba yako zizi," nikasema. "Yule uliyemleta simjui. Wetu yuko pale, chini ya spika."

Aligeuka kutazama. Spika ilikuwa ikipiga kwaya, na kituta kilikuwa kikitikisika kidogo kwa mdundo wake. Kisha akaenda, akaikumbatia spika na suti yake ile, akaishusha na kuiweka kwenye majani. Danstan alikuja mbio kuuliza kuna hitilafu gani. Muziki uliendelea.

Watu walinisifu miezi ile. Maharage yalikubali. Yuster aliniletea debe la kwanza, nikakataa, akaliacha mlangoni. Niliamini nimeokoa vyote viwili, shamba na heshima. Deodata hakunisifu. Alisema, "Tuone kifo kinachofuata."

Kilichofuata kilikuwa cha Kwandu. Ng'ombe wachache walikuwa wamerudishwa na shemeji, na Ngassa alituma fedha, mama yake akajengewa zizi pale pale. Alipoanza kuumwa aliniambia azikwe mlangoni mwa zizi, kando ya mgomba.

"Kule mbele kuna marumaru," alisema, "nitateleza."

Alikufa asubuhi, wakati wa palizi ya masika. Nilimpigia Ngassa. Akasema, "Nakuja sasa hivi, baba. Sileti mtu. Asitolewe nyumbani. Zizini, kama alivyotaka." Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa Kwandu. Nikaenda njia panda nikasema maneno yangu kwa moyo mwepesi kuliko siku yoyote niliyowahi kuyasema.

Alasiri walikuja vijana, Paschal mbele. Paschal ni mtu mzuri, mwenye mke na shamba, aliyebeba kichwa cha lile gogo la kwanza na kulia kwa sauti. Walikuwa na gogo la mgomba begani, limekatwa sasa hivi, linachuruzika maji.

"Shikamoo mzee," alisema. "Tumekurahisishia. Tumekadiria, mama alikuwa mfupi."

Mmoja wao akacheka. Si kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu wanaokwenda kumaliza kazi.

Nikawauliza wanataka kuzika nini. Kwandu yumo ndani, nikawaambia, hajafunikwa hata macho vizuri. Mwili upo.

"Upo, ndiyo," Paschal alisema. "Lakini ni wa Ngassa yule yule. Tuzike hili sasa, kesho asubuhi tupalilie. Yeye akija na wageni wake mtamalizia."

"Ngassa yuko njiani."

"Mzee, hata mara ile alikuwa njiani."

Niliwaeleza. Niliwaambia gogo lile la kwanza halikuwa njia ya mkato, lilikuwa njia ya watu walionyang'anywa. Niliongea kwa muda mrefu, tena vizuri, na nilipokuwa nikiongea niliona macho yao yakipita juu ya bega langu kwenda kwenye mashamba yaliyojaa magugu. Walinisikiliza kwa heshima wanayompa mzee. Paschal alisema ni wewe uliyetufundisha, baba, wala hakuisema kwa ubishi. Wakaliinua gogo wakaondoka nalo. Hawakuthubutu kuingia kwenye ua wa Kwandu. Walilifukia kando ya barabara, bila koti, bila ngozi, na mmoja wao akaenda njia panda akasema maneno yangu ya kuamsha majembe kwa sauti yake.

Ngassa alifika asubuhi, peke yake, akiendesha mwenyewe. Alikuwa amevaa kaunda suti iliyochakaa na ndala. Akatoa nyuma ya gari jembe jipya, karatasi ya dukani ikiwa bado imebandikwa kwenye ubapa, akalilaza uani. Hakujua mpini uelekee wapi. Nikamwelekeza. Kisha akavua kofia, akaenda hadi mlango wa zizi, akaweka mkono juu ya paji la ng'ombe aliyekuwa karibu. Midomo yake ilicheza. Nadhani jina la babu yake alilijua, la juu zaidi sina hakika.

Alipomaliza alinigeukia, akatazama ua. Tulikuwa mimi, Deodata, na Yuster aliyekesha na maiti.

"Watu wako wapi, baba?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia kwamba aliyekata mgomba wa kwanza ni yeye, siku alipotuma gari. Ningeweza kumwambia kwamba taadhima ikishavunjwa na wakubwa, wadogo huokota vipande na kufanyia kazi zao. Ni sentensi nzuri, ningepewa vema.

"Wanalima," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akijua bei kabla ya kuuliza. Akalichukua jembe lake jipya, akaanza kuchimba mahali nilipomwonyesha, kando ya kituta. Hakufika mbali, mpini ukachomoka. Yuster akaenda mlangoni, akainama, akalinyanyua lake alilolilaza jana, lile lililolika kama kijiko, akampa. Mimi nikachukua langu.

Tulichimba kwa zamu. Bondeni walikuwa wakipalilia. Aliyekuwa akipita barabarani asingeweza kujua, kwa kusikia tu, majembe yapi yalikuwa ya kaburi na yapi yalikuwa ya maharage.